Maji, Asali na Losheni: Namna ya Kufungasha Vimiminika katika Mzigo wa Mkononi kwa Msafiri Anayeanzia Dodoma

Binti yake alipojifungua ughaibuni, shangazi yangu alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake, na katika begi la mkononi aliweka chupa ya lita moja na nusu iliyojaa asali ya Manyoni, akaizungushia kanga mbili ili isivuje. Mimi niliyemsindikiza sikumwambia lolote, kwa sababu wakati huo sikujua kwamba asali huhesabiwa kuwa kimiminika. Mkaguzi alimwambia kwa adabu, "Mama, hii huwezi kuingia nayo." Naye akamjibu, "Mwanangu, hii ni ya mzazi." Begi lake kubwa lilikuwa limekwisha kupelekwa kwenye ndege, mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka, na chupa ikabaki mezani pale. Alipopiga simu baada ya kufika hakuzungumzia uchovu wa safari wala baridi ya huko, alizungumzia asali.

Mwongozo huu nimewaandikia watu wa namna yake: wazazi wanaokwenda kuwaona watoto walio mbali, wanafunzi wanaoondoka na mafuta ya kupaka ya mwaka mzima, mahujaji, na watumishi wanaoitwa kikazi nje ya nchi wakiwa na siku mbili tu za kujiandaa. Kazi yote inayoelezwa hapa hufanyika nyumbani, juu ya kitanda, usiku wa kuamkia safari. Ukifika mbele ya mashine ya ukaguzi, muda wa kupanga umekwisha kupita.

Kanuni yenyewe na ilikotoka

Kanuni ni fupi. Kila kimiminika unachoingia nacho katika ndege ya kimataifa kinapaswa kuwa ndani ya chombo chenye ujazo usiozidi mililita 100. Vyombo vyote hivyo viwekwe katika mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha ndani, unaoweza kufungwa na kufunguliwa tena, wenye ujazo usiozidi lita 1. Na kila msafiri anaruhusiwa mfuko mmoja tu wa namna hiyo. Kinachozidi hapo kinakwenda katika begi kubwa unalokabidhi kaunta, au kinabaki nyumbani.

Tarehe 10 Agosti 2006 polisi wa Uingereza walitangaza kwamba wamezima njama ya kulipua ndege zinazotoka London kwenda Amerika ya Kaskazini kwa kutumia vilipuzi vya majimaji ambavyo vingefichwa ndani ya chupa za vinywaji baridi. Katika siku zilizofuata karibu kila kimiminika kilipigwa marufuku katika mizigo ya mkononi ya ndege zinazoondoka nchini humo, hata wazazi wakatakiwa kuonja maziwa ya watoto wao mbele ya wakaguzi. Novemba mwaka huohuo Umoja wa Ulaya uliweka kipimo cha mililita 100, na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lenye makao yake makuu Montreal nchini Kanada, likazitaka nchi wanachama, Tanzania ikiwamo, zifuate utaratibu huo ifikapo tarehe 1 Machi 2007. Mashine za ukaguzi za wakati huo, ambazo bado zinatumika katika viwanja vingi, hutoa picha bapa isiyotosha kutofautisha maji ya kunywa na kimiminika cha hatari, na kwa sababu hiyo njia iliyobaki ilikuwa kupunguza kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kuingia nacho. Ukilijua hilo utaelewa ni kwa nini mkaguzi haangalii uso wako wala umri wako, na ni kwa nini kumwapia kwamba hii ni asali tu hakuwezi kumsaidia kukuruhusu.

Kitu gani huhesabiwa kuwa kimiminika

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu katika Kiswahili cha kila siku tukisema kimiminika tunafikiria maji, soda, maziwa na mafuta ya kupikia. Wakaguzi wanahesabu pia vitu vizito vinavyopakika, vya jeli na vya kupulizia. Kipimo ninachowafundisha watu wa nyumbani kwangu ni hiki: toa kitu hicho katika chombo chake kwa mawazo, kiweke juu ya sahani, kisha ujiulize kama kitabaki na umbo lake. Kikisambaa, kikitambaa, au kikiwa ni kitu cha kupakwa kwa kisu au kidole, kihesabu kuwa kimiminika.

Kwa kipimo hicho, asali ni kimiminika, samli ni kimiminika, siagi ya karanga ni kimiminika, na mafuta ya alizeti ya Singida au Kibaigwa hayana hata mjadala. Maziwa mgando, togwa, jamu, achari, pilipili ya kusaga ya chupa na rojo la ubuyu vimo humohumo. Katika vipodozi, hesabu losheni, mafuta ya mgando, jeli ya nywele, shampuu, dawa ya meno, manukato, marashi ya kupulizia, wanja wa maji, rangi ya kucha na kitakasa mikono. Mchuzi uliobaki katika kibakuli cha chakula cha njiani nao unahesabiwa, ijapokuwa wali na nyama vilivyo kando yake vinapita.

Vitu vikavu havihusiki na kipimo hiki. Sabuni ya kipande, zabibu kavu, karanga za kukaanga, ubuyu mkavu na mlenda uliokaushwa vinaweza kukaa katika begi la mkononi. Kuna tahadhari moja kuhusu unga: Marekani, kwa ndege zinazokwenda huko kutoka nje, huweka ukaguzi wa ziada kwa vitu vya ungaunga vinavyozidi mililita 350, kiasi cha kopo la soda, na vinaweza kuzuiwa. Anayepeleka huko unga wa ubuyu, wa mlenda au bizari ya nyumbani na auweke katika begi kubwa. Jambo la pili, kupita kwenye mashine si sawa na kuruhusiwa kuingia nchini. Zabibu mbichi za Dodoma ni kitu kigumu na mashine haina ugomvi nazo, lakini maofisa wa kilimo wa nchi unayokwenda wanaweza kuzitaifisha mlangoni.

Chombo ndicho kinachopimwa

Kosa la pili kwa ukubwa, na linalouma zaidi kwa sababu mtu hudhani amefuata kanuni, ni kubeba chupa kubwa yenye kimiminika kidogo. Chupa ya losheni ya mililita 400 iliyobaki na kidole kimoja chini bado ni chupa ya mililita 400, na itatolewa. Mkaguzi anasoma maandishi ya kwenye chombo, hatakukadiria kilichobaki. Vivyo hivyo, tyubu ya dawa ya meno iliyokunjwa hadi nusu haijapungua ujazo wake machoni pa kanuni.

Kwa hiyo hamishia vitu vyako katika vichupa vidogo, au nunua vya saizi ndogo tangu mwanzo katika maduka ya vipodozi na ya dawa. Kichupa kisicho na maandishi kinamwachia mkaguzi kazi ya kukisia, na akikisia vibaya hasara ni yako. Ukiwa na kichupa ambacho hujui ujazo wake, nunua bomba la sindano la mililita 10 kwenye duka la dawa, lisilo na sindano yenyewe, ukijaze kichupa hicho maji kwa kuhesabu. Kikifurika kabla ya bomba la kumi kuisha, kiko chini ya 100. Kikihitaji bomba la kumi na moja, kiache. Andika ujazo kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya kipande cha plasta, pamoja na jina la kilichomo, kwa maana losheni nyeupe isiyo na jina huleta maswali.

Vyombo vingine huandikwa kwa gramu. Chukua visivyozidi gramu 100, na hutapata usumbufu. Asali ni nzito kuliko maji, kiasi kwamba mililita 100 zake zina uzito wa takribani gramu 140. Lakini ukianza kumweleza mkaguzi hesabu hiyo huku foleni ikikusukuma mgongoni hutafika mbali.

Mfuko, na tabia ya chupa angani

Mfuko wa lita 1 ni wa takribani sentimita 20 kwa 20. Kwa hesabu ya karatasi unaingiza vichupa kumi vya mililita 100, lakini vichupa ni vya mviringo na vina vifuniko, na mfuko unatakiwa ufungike bila kulazimishwa. Kwa uzoefu wangu vitano au sita vinautosha. Chagua basi kile ambacho utakihitaji ndani ya ndege na katika siku ya kwanza, ikiwa begi kubwa litachelewa. Mafuta ya kupaka ni muhimu kuliko shampuu, kwa sababu hewa ya ndani ya ndege ni kavu kuliko hata ya Dodoma mwezi wa Agosti.

Wako wanaoogopa kubeba mfuko huo kwa sababu ya marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza nchini tarehe 1 Juni 2019. Tangazo la serikali la wakati huo liliruhusu waziwazi mifuko ya zipu ya kubebea vitu vya usafi wa mwili, kwa maelezo kwamba msafiri anatarajiwa kubaki nayo na wala si kuitupa nchini. Utunze wako, utautumia kurudi.

Jaza vichupa hadi robo tatu tu, kisha uviminye kidogo hewa itoke kabla ya kufunga kifuniko. Dodoma iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ndani ya ndege kubwa ikiwa angani mgandamizo wa hewa unaweza kushuka hadi ule wa mlima wa mita 2,400. Hewa iliyofungiwa katika kichupa inatanuka na kusukuma losheni nje kupitia kifuniko. Ndiyo maana nguo hukutwa zimelowa mafuta ingawa kifuniko hakikufunguka. Ushahidi wa jambo hilo unauona kirahisi ukiteremka Dar es Salaam: chupa tupu ya maji uliyoifunga Dodoma utaikuta imebonyea, kwa sababu hewa ya pwani ni nzito na imeiminya. Weka kipande kidogo cha nailoni juu ya mdomo wa kichupa kabla ya kufunga kifuniko, nacho kitazuia sehemu kubwa ya uvujaji.

Dawa, na chakula cha mtoto

Kanuni ina huruma mahali panapostahili. Dawa za majimaji unazohitaji safarini, kama insulini, dawa ya macho au dawa ya kikohozi ya mtoto, zinaruhusiwa hata zikizidi mililita 100, na hazilazimiki kuingia katika mfuko wa lita 1. Masharti ni kwamba ziwe za kiasi cha safari, uzitaje wewe mwenyewe kabla begi halijaingia kwenye mashine, na uweze kuthibitisha kwamba ni zako. Ziache katika vifungashio vyake vyenye lebo ya duka la dawa, na umwombe daktari wako, iwe ni Hospitali ya Benjamin Mkapa au kituo cha afya cha kata yako, akuandikie barua fupi yenye jina lako kama lilivyo katika pasipoti, jina la dawa na kipimo chake. Barua hiyo iandikwe kwa Kiingereza, kwa sababu watakaoisoma zaidi ni wakaguzi wa ng'ambo wasiojua Kiswahili. Anayetumia insulini asithubutu kuiweka katika begi kubwa. Ikiganda kwa baridi huharibika, na begi likipotea maisha yake yanakuwa hatarini.

Msafiri mwenye mtoto mchanga anaruhusiwa maziwa, maji yaliyochemshwa na uji wa mtoto wa kumtosha safarini, mradi mtoto huyo yuko naye. Vitenge vitu hivyo mahali pamoja, mbali na mfuko wako wa vipodozi, na usishangae vikifunguliwa au kupimwa. Ongeza mlo mmoja au miwili juu ya hesabu yako, maana ndege huchelewa na mtoto hana subira ya kuchelewa huko.

Vya begi kubwa, na visivyokwenda kabisa

Asali, samli, mafuta ya alizeti na divai ya Dodoma vina nafasi yake, nayo ni begi kubwa. Chupa ya divai ya mililita 750 haiwezi kuingia katika mzigo wa mkononi kwa namna yoyote kupitia ukaguzi. Katika begi kubwa, vileo visivyozidi asilimia 24 ya kilevi havina kikomo kwa upande wa usalama wa ndege. Vilivyo kati ya asilimia 24 na 70 vina kikomo cha lita 5 kwa msafiri, vikiwa katika chupa zake za dukani. Vinavyozidi asilimia 70 havibebwi. Forodha ya unakokwenda ina vipimo vyake, na ziko nchi ambako kileo chochote ni kosa, kama Saudi Arabia, kwa hiyo ulizia kwanza. Kila chupa iingie katika mifuko miwili inayofungwa, kisha ikae katikati ya nguo, mbali na kingo za begi.

Petroli, mafuta ya taa, thina, rangi za mafuta na dawa za wadudu zinazowaka hazibebwi popote, si juu wala chini. Katika hili usijaribu bahati.

Dodoma hadi Dar, na kuendelea

Msafiri wa Dodoma ana jambo lake la pekee. Safari yake ya kimataifa kwa kawaida huanzia Uwanja wa Julius Nyerere jijini Dar es Salaam, na anafika huko kwa ndege ya ndani, kwa basi, au kwa treni ya SGR iliyoanza safari zake za Dodoma mwaka 2024. Aliyekuja kwa treni au basi bado ana begi lake kubwa mkononi, na akigundua kosa anaweza kulirekebisha kabla ya kufika kaunta. Aliyekuja kwa ndege kwa tiketi moja, na begi lake likawekewa lebo ya hadi mwisho wa safari tangu Dodoma, hana tena mahali pa kuhamishia chupa. Huyo ndiye anayepaswa kujikagua mara mbili nyumbani.

Tena, chupa iliyopita Dodoma au iliyopita ukaguzi wa mlango wa kuingilia jengo haijapata ruhusa ya kudumu. Ukaguzi wa mlangoni unahusu mizigo yote, pamoja na ile itakayokwenda chini ya ndege. Ukaguzi wa vimiminika ni ule wa baada ya kukabidhi begi. Halafu kuna uwanja wa kubadilishia ndege, uwe Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul, ambako unaweza kukaguliwa upya. Baadhi ya viwanja vya Ulaya vimefunga mashine mpya zinazozunguka mzigo na kutoa picha ya pande zote, na baadhi yake vimelegeza kipimo cha mililita 100. Usifunge mzigo kwa kutegemea uwanja mmoja uliolegeza. Fungasha kwa kufuata uwanja ulio mkali kuliko vyote katika njia yako, kwenda na kurudi.

Vinywaji na manukato yanayouzwa katika maduka yasiyotoza ushuru hutiwa katika mfuko maalumu unaofungwa kwa lakiri, risiti ikionekana ndani. Usiufungue hadi ufike mwisho wa safari. Ukiufungua njiani, kilichomo kinarudi kuwa kimiminika cha kawaida. Anayeingia Marekani kwa kawaida atatakiwa kuchukua begi lake kubwa katika uwanja wa kwanza wa kuingilia nchini, kabla ya kuunganisha ndege nyingine. Hapo ahamishe chupa hiyo ndani ya begi, kwa kuwa atakaguliwa tena.

Mbele ya mashine

Weka mfuko wa vimiminika juu kabisa ya begi lako. Ukifika mezani, utoe na uuweke peke yake katika trei, isipokuwa ukiambiwa uuache ndani, kwa kuwa penye mashine mpya hawataki utoe kitu. Taja dawa na chakula cha mtoto bila kungoja kuulizwa. Maji uliyonunua njiani yanywe au yamwage, lakini chupa tupu usiitupe. Inaruhusiwa kupita, na viwanja vingi vikubwa vina mabomba ya maji ya kunywa upande wa pili.

Kitu kikizuiliwa, uliza kwa utulivu: "Samahani, afande, ninaweza kurudi kaunta nikiweke katika begi kubwa, au nimkabidhi ndugu yangu aliye nje?" Mara nyingi inawezekana ikiwa muda upo, na ndiyo maana aliyekusindikiza hapaswi kuondoka hadi umpigie simu kwamba umepita. Mimi siku hizi hukaa pale nje na simu mkononi, hata kama ni saa nane za usiku.

Wanaorejea kutoka Makka wana swali lao la maji ya Zamzam. Hayo hayaingii katika mzigo wa mkononi wala hayafichwi ndani ya sanduku la nguo. Huuzwa katika vifungashio maalumu vya lita 5, na hukabidhiwa kwa shirika la ndege yakiwa katika kifungashio hicho. Liulize shirika lako kabla ya kununua kama tiketi yako inayaruhusu, kwa sababu mtu akiyamimina katika chupa za kawaida ili yaenee mizigoni, atayaacha Jeddah.